Kwa Nini Kompyuta Yetu Ndogo Ilikuwa Ikiganda

Kila mgeni aingiaye katika chumba chetu cha kompyuta huzitazama zile kompyuta 12 kuukuu zilizopangwa mezani, na ni wachache wainuao macho juu ya kabati, mahali kilipo kisanduku cheupe cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kipande cha sabuni. Wengine hudhani ni swichi ya taa. Kumbe hiyo ndiyo maktaba. Mitihani iliyopita ya Kidato cha Nne, vitabu vya masomo, na Wikipedia ya Kiswahili nzima, vyote vimo katika diski iliyounganishwa na kisanduku hicho, na zile kompyuta 12 huchota humo bila ya intaneti.

Muhula uliopita kisanduku kile kilikuwa kikiganda mara mbili au tatu kwa juma, na aghalabu wakati wa masomo ya usiku, yaani saa ile ile tunayokihitaji. Maneno mengi yalisemwa. Wengine walisema kimezeeka, wengine walisema kina virusi, na mimi, niliyepewa kazi ya kukitunza, nilisema neno baya kuliko yote, nitakalolieleza mbele kwa sababu sina haki ya kulificha. Mwalimu wetu wa gazeti ameniomba niandike jinsi ugonjwa ule ulivyotafutwa hata ukapatikana.

Yafaa kwanza nieleze chombo chenyewe. Ndani ya plastiki ile mna kompyuta kamili iitwayo Raspberry Pi, ukubwa wake kama kadi ya benki. Eben Upton na wenzake wa Cambridge, Uingereza, waliibuni ili vijana wapate kompyuta ya bei ndogo ya kujifunzia, nayo ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012. Yetu ni ya aina ya tatu, iliyotolewa mwaka 2016. Haina feni, haina kitufe cha kuwasha wala kuzima, na mfumo endeshi wake haukai katika diski bali katika kadi ya kumbukumbu iliyo ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Chakula chake ni umeme wa volti 5, na watengenezaji wanataka ipewe adapta iwezayo kutoa ampia 2.5. Zidisha, utapata wati 12.5. Pasi moja ya umeme ya wati 1000 ingetosha kulisha vyombo 80 vya namna hii. Udogo huo wa chakula ndio sifa yake kubwa, na kama mtakavyoona, ndio uliotudanganya.

Sasa, kuganda ni nini? Mfumo endeshi ni programu kuu ambayo programu nyingine zote huomba ruhusa kwake. Ukitaka kusoma ukurasa, programu ya kurasa humwomba mkuu, naye huagiza diski, hupokea, kisha hugawa. Programu moja ikifa, mkuu huiondoa na kazi huendelea. Wengi wenu mmeona jambo hilo bila kujua. Lakini mkuu mwenyewe aweza kupatwa. Pengine hugundua kwamba hesabu zake hazipatani tena, akaona ni heri asimame kabisa kuliko kuharibu kumbukumbu za watu, akaandika sababu yake kwenye skrini na kunyamaza. Na pengine huagiza diski, akangoja jibu lisilokuja milele, nasi tukangoja pamoja naye. Jambo moja ni gumu kwa mchunguzi: mfumo unapokufa ghafla, maneno yake ya mwisho aghalabu hayakuwahi kuandikwa kwenye kadi. Yalikuwa bado katika kumbukumbu ya muda, nayo hupotea umeme unapokatwa. Ni kama mtu aliyefariki na barua ingali mfukoni, haijafika posta.

Haya. Mwezi wa tatu radi iliunguza adapta ya kwanza ya kisanduku. Nilitafuta nyingine katika droo ya stoo nikapata chaja ya simu, na pamoja nayo waya mweupe wa mita 2. Nilifurahi sana kwa urefu wa waya ule, maana kabati ni refu na soketi iko chini karibu na sakafu. Nilichomeka, taa nyekundu ikawaka, maktaba ikafunguka. Nilisifiwa. Baada ya siku nne ndipo kuganda kulipoanza, lakini hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, na mimi nikiwa wa kwanza kutoyaunganisha.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kubadili mambo mengi kwa mpigo. Ijumaa moja niliweka kadi mpya yenye mfumo mpya, nikafungua kifuniko cha plastiki ili hewa ipite, tena nikasogeza kisanduku mbali na dirisha lenye jua. Kikakaa siku tisa bila kuganda! Nilitangaza ushindi bwaloni. Siku ya kumi kikaganda tena, ndipo nilipokumbuka kwamba katika siku zile tisa tulikuwa na mitihani ya nusu muhula, na hakuna aliyeingia chumbani usiku. Nilikuwa nimempa dawa mgonjwa aliyelala usingizi.

Kosa la pili lilikuwa feni. Mwenzangu mmoja alikuwa na hakika kwamba ni joto. Hoja yake haikuwa ya kijinga, kwa kuwa kompyuta ya aina hii ikifika nyuzi 80 huanza kujipunguza mwendo, na kufikia nyuzi 85 hujibana zaidi ili isiungue. Basi tulitoa feni ndogo katika kompyuta mbovu tukaifunga pale kwenye pini za volti 5. Matokeo yake, kisanduku kikaanza kuganda kila usiku badala ya mara tatu kwa juma. Tulipopima joto kwa amri iliyomo katika mfumo wenyewe, tukakuta nyuzi 62 tu. Tungepima kabla ya kufunga feni, tungejiokolea kazi. Hata hivyo feni ile ilituachia habari muhimu, ingawa hatukuisoma siku ile: dawa ya joto ilikuwa imeongeza ugonjwa.

Sasa naja kwenye lile neno baya. Alhamisi moja jioni nilikuwa kwenye mdahalo. Ijumaa asubuhi nilikuta kisanduku kimekufa. Nilikiwasha, nikafungua faili ambamo mfumo huandika mambo yake kila dakika, nikatafuta mstari wa mwisho kabla ya kifo. Saa yake ilisema saa 11 na dakika 5 jioni. Nani alikuwa chumbani saa 11 jioni? Ni kijana mmoja wa Kidato cha Pili, aliyekuwa na zamu ya kufagia. Nilimwuliza akasema hakugusa waya wowote, ila aliona taa nyekundu ikikonyeza. Nilicheka. Nilimwambia taa ya kukonyeza ni ile ya kijani, maana hiyo ndiyo inayoonyesha kadi ikisomwa, na nyekundu huwaka tu. Nikaandika ripoti yenye saa na dakika, nikampelekea mwalimu wa nidhamu. Karatasi yenye dakika huaminika. Kijana alifyeka majani kwa juma zima na akakatazwa kuingia chumba cha kompyuta.

Kisanduku kiliganda tena Jumanne iliyofuata, wakati yeye yuko uwanjani na panga la kufyekea mkononi.

Hapo ndipo mwalimu wetu wa fizikia aliponiita. Hakunikemea. Alinipa daftari tupu akasema niandike kila mara kisanduku kinapoganda: saa ya kengele ya shule, saa inayoonyeshwa na kisanduku, watu wangapi wamo, na ni nini kilichobadilishwa siku hiyo. Tena nisibadili zaidi ya jambo moja kwa wakati mmoja. Feni ikaondolewa siku ile ile.

Ukurasa wa kwanza wa daftari ulinitia aibu. Saa ya kengele na saa ya kisanduku hazikulingana hata mara moja. Jambo hili nililazimika kulisoma, nami nalieleza kwa ajili ya wale watakaotunza vyombo hivi baada yetu. Kompyuta za mezani zina betri ndogo ya mviringo inayolinda saa hata umeme ukikatika. Raspberry Pi ya aina yetu haina. Huandika saa yake kwenye kadi mara moja kila baada ya saa moja, na ikizimwa kisha ikawashwa, huendelea kuhesabu kutoka pale ilipoandika mwisho, kana kwamba hakuna muda uliopita. Yenye intaneti hujirekebisha yenyewe kwa kuuliza saa huko nje. Yetu haina wa kumwuliza, na mimi nilikuwa nikiirekebisha kwa mkono Jumatatu tu.

Nikarudi nyuma nikahesabu. Siku moja kabla ya ile Alhamisi kisanduku kiliganda mchana, kikakaa kimekufa kama saa 3 kabla hatujakiwasha. Basi kuanzia hapo saa yake ilikuwa nyuma kwa saa 3. Saa 11 na dakika 5 jioni za kisanduku zilikuwa saa 2 na dakika chache usiku za kengele. Saa 2 usiku kijana yule alikuwa darasani kwake pamoja na wenzake wote na mwalimu wa zamu mlangoni. Niliwaendea wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliotumia chumba usiku ule nikawauliza. Wakanijibu, "Mbona tulikuwa tunasoma mpaka baada ya saa 2, ndipo kikaganda kama kawaida yake?" Walishangaa kwamba sikujua. Sikuwa nimewauliza. Nilikuwa nimeuliza mashine.

Usiku huo nilikaa katika chumba, lakini sikutazama skrini ya kompyuta yoyote. Nilipanda juu ya kiti nikakitazama kisanduku uso kwa uso. Wanafunzi walipokuwa watano, taa nyekundu ilitulia. Walipofika 12 na diski ikaanza kuvuma, taa nyekundu ilizimika, ikawaka, ikazimika tena. Ilikuwa ikikonyeza, kama nilivyoambiwa.

Katika aina yetu taa ile imefungwa makusudi pamoja na kifaa cha kupimia volti. Volti zikishuka chini ya 4.63 hivi, taa huzimika. Kama kisanduku kingekuwa na skrini yake, tungeona pia alama ya radi ya rangi ya njano pembeni, lakini chetu hakina skrini, huzungumza na kompyuta nyingine tu, kwa hiyo alama hiyo ilikuwa haina mtu wa kuiona. Niliuliza mfumo kwa amri yake, `vcgencmd get_throttled`, nikajibiwa 0x50005.

Namba hiyo yaonekana kama siri lakini si ngumu. Acha ile 0x ya mbele, ni alama ya namna ya kuhesabu tu. Kila tarakimu yabeba swichi nne, zenye thamani 1, 2, 4 na 8. Tano ni 4 na 1. Katika tarakimu ya kulia kabisa, 1 maana yake volti zimeshuka sasa hivi, na 4 maana yake kompyuta imepunguzwa mwendo sasa hivi. Ile 5 ya kushoto yasema mambo hayo hayo yalipata kutokea tangu kompyuta ilipowashwa. Ukiikuta 0x0, umeme wako ni mzima. Ukiikuta 0x50000, sasa kumetulia lakini kulikuwa na shida ulipokuwa hupo, na hiyo ndiyo ningeikuta kama ningeuliza asubuhi.

Nikaifungua tena ile faili ya Alhamisi. Juu kidogo ya mstari niliomshitakia kijana kulikuwa na mistari kadhaa iliyoandika kwamba umeme umeshuka, na mbele yake namba ile ile, 0x00050005. Ilikuwapo tangu siku ile. Nilikuwa natafuta saa, nikaipita.

Kesho yake mwalimu wa fizikia alileta kipimio kutoka maabara. Yeye mwenyewe alishika sindano za kipimio, moja kwenye pini ya 2 yenye volti 5 na nyingine kwenye pini ya 6 isiyo na volti, maana ukigusisha pini jirani kwa bahati mbaya kompyuta huenda na maji. Asubuhi, chumba kikiwa kitupu, tulipata volti 4.81. Usiku, wote 12 wakiwa ndani, tulipata 4.52. Tukapima kwenye chaja yenyewe, kabla ya waya, ikasoma 5.0 nyakati zote mbili. Basi volti zilikuwa zikipotelea njiani.

Wa Kidato cha Tatu wamekwisha kuisoma kanuni ya Ohm, nao watafuata. Ule waya mweupe ulikuwa mrefu na shaba yake ni nyembamba kama unywele. Umeme huenda mita 2 na kurudi mita 2, na ukinzani wa njia yote tuliukadiria kuwa nusu ya ohm. Kompyuta ikipumzika huvuta ampia 0.4, zidisha kwa 0.5, zimepotea volti 0.2, zabaki 4.8. Watu wakijaa, kompyuta hufanya kazi kwa nguvu na diski huzunguka bila kupumzika, nazo kwa pamoja huvuta ampia 1. Zimepotea volti 0.5, zabaki 4.5. Ongeza feni, nayo huvuta chake kupitia waya ule ule, na hali huzidi. Ndiyo maana dawa ya joto ilimwongezea mgonjwa maradhi. Na ndiyo maana maradhi yalikuwa ya usiku: hayakuja kwa giza, yalikuja kwa wingi wa wasomaji.

Diski ndiyo huzirai kwanza. Mota yake hutaka volti 5 kamili; zikipungua sana husimama na kutoweka, na mfumo endeshi huendelea kuiita bila kujibiwa. Huko ndiko kuganda kwetu.

Mwalimu alirudi kutoka mjini na adapta ya volti 5.1 na ampia 2.5, waya wake mfupi na mnene. Fundi wa shule akahamisha soketi mpaka juu ya kabati. Tulipima usiku tukapata volti 4.98, na swali letu likajibiwa 0x0. Nilidhani yamekwisha. Baada ya siku mbili kisanduku hakikuwaka kabisa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ni mahali ambapo ningeweza kupoteza njia tena na kusema adapta mpya ni mbovu. Tulikiunganisha na skrini, tukakuta mfumo umesimama na kuandika kwamba umeshindwa kufungua makao yake, pamoja na namba 179,2. Katika Linux 179 ni namba ya kadi za kumbukumbu, na 2 ni sehemu ya pili ya kadi, ambamo mfumo umekaa. Kwa hiyo umeme ulikuwa mzima, taa nyekundu ilitulia, lakini kadi ilikuwa imejeruhiwa. Kila mara kisanduku kilipoganda zamani tulikuwa tukichomoa waya ili kukiwasha upya, na mara nyingine tulichomoa katikati ya kuandika. Kadi iliyokatizwa hivyo hubaki na orodha ya faili isiyolingana na faili zenyewe. Ugonjwa ulikuwa umepona, likabaki jeraha. Tulitia kadi katika kompyuta nyingine, tukaikagua kwa programu ya `fsck`, ikarekebisha mengi na kushindwa machache, hivyo tukaandika mfumo upya kwenye kadi nyingine. Diski haikupoteza kitu.

Mtu mmoja aliniuliza kwa nini sikuwasha yule mlinzi aliyemo ndani ya chipu, ambaye asipopata ishara kutoka kwa mfumo kwa muda wa sekunde 15 huiwasha kompyuta upya mwenyewe. Sasa nimemwasha. Lakini kama ningemwasha mwezi wa nne, angekuwa akiamsha maiti kila usiku, nasi tungedhani maktaba yetu ni nzima.

Nilikwenda kwa mwalimu wa nidhamu na daftari langu. Aliusoma ukurasa wa saa mbili zisizolingana, akanituma nikamlete kijana, na Jumatatu kwenye mstari alisema mbele ya shule nzima kwamba ripoti ile ilikuwa ya uongo na mwenye kuiandika ni mimi. Kijana alikuwa amekosa chumba kwa majuma matano, na mtihani wake wa taifa wa Kidato cha Pili ni mwaka huu. Nilimwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ile namba yenye 5 mbili bado ipo, anataka kuiona kwa macho yake. Nilimwambia namba imeondoka, sasa ni sifuri, ila faili ya Alhamisi nimeihifadhi. Tukaifungua, akasoma mistari yote tangu juu.

Hadi siku ninapoandika haya ni majuma saba, na kisanduku hakijaganda. Kimezimika mara mbili, mara zote mbili kwa umeme wa shule nzima kukatika. Kilichobaki ni saa. Kuna kifaa kidogo chenye betri, kiitwacho DS3231, ambacho hupachikwa juu ya pini na kuilindia kompyuta saa yake. Mkuu wa shule ameahidi kitanunuliwa. Mpaka hapo kitakapofika, saa za kengele zinaandikwa katika daftari kwa mkono, na anayeliandika ni yule kijana, kwa kuwa mimi naingia mtihani mwezi wa 11 na daftari sharti libaki na mtu atakayekuwapo.